Kikohozi cha Saa Tisa Usiku

Mwezi Juni 2023, nyumbani kwetu Iringa, tulikohoa wiki saba. Kifua kilikuwa cha mmoja wetu tu, mama wa nyumba, muuguzi mwenye pumu tangu utotoni. Lakini kikohozi kinachoanza saa tisa usiku ni cha nyumba nzima. Baba watoto aliamka kuchemsha maji, na kitindamimba wetu akahamia kitandani kwetu ili, kama alivyosema mwenyewe, asikilize kama mama bado anapumua.

Tulifanya yale ambayo akina mama wengi hufanya: tangawizi na asali, kisha dawa ya maji ya kikohozi, chupa tatu. Zahanati moja ilitupa antibiotiki mara mbili bila mtu kusikiliza kifua. Kanisani, katika kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa, wenzetu walianza kukaa mbali kidogo kwenye benchi. Hatuwalaumu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni lazima kipimwe kifua kikuu, hata kama una pumu, nasi tulipeleka makohozi. Kifua kikuu hakikuonekana, na kikohozi kikabaki palepale.

Sababu ilikuwa ndani ya kabati letu. Tulikuwa na inhela mbili. Ya bluu, salbutamol, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache tu. Ya kahawia, beklometasoni, haileti nafuu papo hapo. Hupunguza uvimbe ndani ya njia hizo siku baada ya siku, na ukiiacha uvimbe hurudi taratibu. Si lazima kifua kipige filimbi. Kwa wengine pumu hujionyesha kwa kikohozi tu, kikavu, kinachozidi usiku na alfajiri. Ile ya kahawia ilikwisha Aprili. Fedha yake ilikwenda kwenye awamu ya ada ya shule. Mmoja wetu alijua hilo, mwingine hakuambiwa.

Tena, kwa baridi ile ya Iringa, jioni tulikuwa tukiingiza jiko la mkaa sebuleni. Muuguzi gani huyo, utauliza. Ni yule yule anayewakataza wengine.

Usiku mmoja wa Julai mama alishindwa kumaliza sentensi. Inhela ya bluu haikumpa nafuu ya hata saa moja, na mbavu zilikuwa zikibonyea kwa kila pumzi. Ukiona hivyo, au midomo ikianza kuwa ya bluu, usingoje kupambazuke. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Mama akawekewa oksijeni, akavutishwa dawa ya mvuke na kupewa vidonge vya prednisolone vya siku tano. Daktari akauliza, “Sista, ya kahawia unatumia?” Baba watoto akamjibia, “Anatumia, kila siku.”

Kimya kilichofuata hatujakisahau.

Njiani kurudi nyumbani ndipo aliposema, “Mama watoto, yaani ungekufa ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada?” Hakusema kwa hasira. Tulilizungumza jambo hilo kwa siku nyingi, na mengine si ya kuandika hapa.

Tulinunua ya kahawia. Kikohozi hakikukoma siku ile. Kilipungua wiki ya pili, na usingizi mzima ulirudi wiki ya nne. Wapo wanaosema inhela humfanya mtu mtumwa wake. Si kweli. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa inashauri mtu mzima mwenye pumu asitegemee ya bluu peke yake. Baada ya kuvuta ya kahawia, sukutua kinywa kwa maji uyateme, usije ukaota utando mweupe mdomoni. Na kama mtoto hawezi kuvuta vizuri, chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili inhela iingie na kubana, humsaidia. Avutie mdomo wa chupa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999 ulionyesha inafanya kazi sawa na vile vya kununua.

Siku hizi jiko linawashwa nje na kubaki nje. Katika daftari letu la matumizi inhela huandikwa mstari wa kwanza, ada wa pili. Kitindamimba amerudi kitandani kwake, ingawa kila asubuhi bado huuliza kama mama amesukutua.