Barua kwa Mpwa Kuhusu Tahasusi ya Lugha

Kwa mpwa, Mwanjelwa, Mbeya.

Mjomba ameona vyema suala la tahasusi lijadiliwe kwa maandishi. Tahasusi, ambayo wanafunzi huiita kombi, ni mkusanyiko wa masomo matatu anayobobea mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2024 kwamba idadi yake imefikia 65, uwanja wa kuchagua umekuwa mpana kuliko ule waliouzoea wazazi. HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, ndiyo inayomvutia mpwa, na mitaani husemwa kuwa ni kimbilio la walioshindwa hesabu. Kauli hiyo haistahili hasira. Inatosha kutazama kinachofundishwa humo.

Kiswahili cha ngazi hiyo hutahiniwa kwa karatasi mbili, ya kwanza ikihusu lugha na ya pili fasihi. Katika ile ya kwanza mna utungaji, ambao hauishii kwenye insha bali hugusa pia hotuba, kumbukumbu za mikutano na risala. Risala, ambayo ni maelezo yanayosomwa mbele ya mgeni rasmi kwa niaba ya kikundi, ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mwandishi wake hana budi kuomba bila kujidhalilisha, kushukuru bila kulamba miguu, na kumaliza kabla mgeni hajaanza kutazama saa. Mna pia tafsiri, yaani kuhamisha ujumbe wa maandishi kutoka lugha moja hadi nyingine, na ukalimani, ambao hufanya hivyo kwa mdomo. Stadi hizo zimezidi kuhitajika tangu SADC ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2019 na Umoja wa Afrika ulipokifanya lugha ya kazi mwaka 2022.

Hata hivyo, lipo pengo. Mtihani wa taifa wa Kiswahili na wa Kiingereza hufanywa kwa kalamu, na kwa kuwa linalotahiniwa ndilo linalofundishwa kwa bidii, hutokea mhitimu mwenye alama nzuri za hotuba ambaye hajapata kuhutubia hata mara moja. (Walimu wasilaumiwe, kwani darasa lililofurika haliwapi nafasi ya kumsikiliza kila mmoja.) Pengo hilo huzibwa na mdahalo, yaani mjadala rasmi ambamo upande mmoja hutetea hoja na mwingine huipinga, na ingefaa mpwa aombe kupangwa upande asioupenda, kwa sababu hapo ndipo hulazimika kutafuta ushahidi badala ya kutegemea hisia.

Mwanjelwa yenyewe inafundisha. Mnadi mitumba aliyepanda juu ya meza hunyanyua shati moja, hulisifu kabla ya kutaja bei, hushusha bei hiyo na kuteremsha sauti anapomwona mteja anasitasita. Ufundi huo wa kushawishi kwa maneno ndio wataalamu huuita balagha. Vilevile, mhubiri mgeni anapohubiri kwa Kiingereza kanisani, mkalimani aliye kando yake huhifadhi kichwani sentensi mbili tatu kabla ya kufungua kinywa, na mpwa asikilize hasa pale anapofupisha, ajiulize kilichoachwa ni kipi na kwa nini.

Kiingereza kisifanywe mzigo wa kusindikiza Kiswahili, maana mkalimani wa lugha moja hayupo.

Kabla fomu ya uchaguzi wa tahasusi haijafungwa, mpwa aandike risala ya ukurasa mmoja kwa niaba ya kikoba cha mama yake, yaani kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana, aisome kwa sauti mbele ya wanachama, kisha aulize ni sentensi ipi haikueleweka na aiandike upya. Ikiwa kazi hiyo itamchosha kuliko hesabu, basi aijaze EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, wala mjomba hatanung'unika.

Mjomba,
Iringa.