Waya Nne

Diski ya kompyuta ya baba ilianza kugonga wiki niliyorudi Tanga kwa likizo. Tik, kimya, tik. Kama mtu anayegonga kucha mezani akingoja kuhudumiwa. Baba alikuwa ameisikia siku kadhaa, akadhani ni feni.

Kompyuta hiyo iko chumba cha mbele, kilichokuwa studio. Kwa zaidi ya miaka 20 baba alipiga video za harusi: Chumbageni, Makorora, Pongwe, hadi Muheza. Siku hizi kila mwalikwa ana kamera mfukoni, na studio imefungwa. Lakini watu bado wanabisha hodi. Hawaji kutafuta harusi, wanakuja kutafuta mtu. Shangazi aliyefariki. Babu ambaye hakupenda kupigwa picha. Baba huwapa kiti, hufungua faili la mwaka wanaoutaja, na marehemu hutokea akila pilau, akitengeneza mtandio, akimkemea mtoto. Wapo wanaoomba kurudishiwa sekunde hizo mara tano, mara sita. Baba hurudisha tu, bila kusema neno.

Video zote hizo zilikuwa kwenye diski ile inayogonga. Nakala nyingine haikuwepo.

"Usiizime," nilimwambia. Diski iliyochoka, ikishaacha kuzunguka, huenda isianze tena. Ilibidi tunakili kila kitu ikiwa hai. Chumbani kwangu, upande wa nyuma, kuna kompyuta niliyoiunga kwa vipuri vya mtumba, yenye diski mpya ya terabaiti 2. Kati ya vyumba hivyo viwili imepita kebo ya mtandao juu ya dari. Video zilikuwa terabaiti 1.2. Nilibofya, nikakaa kungoja.

Megabaiti 11 kwa sekunde.

Nilipiga hesabu kwenye simu: zaidi ya saa 30. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili wiki hiyo, na UPS ya baba ina uwezo wa dakika kumi, labda kumi na mbili. Baba alisimama nyuma yangu.

"Wewe si ndiyo unasomea haya mambo?"

Ndiyo. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu mitandao ya kompyuta. Kompyuta zote mbili na swichi iliyo kati yake ni za gigabiti moja. Gigabiti moja ni megabiti 1,000, na megabaiti moja ina megabiti 8, kwa hiyo kikomo ni megabaiti 125 kwa sekunde. Ukitoa gharama za njiani, zinabaki 110 na kitu. Mimi nilikuwa napata sehemu moja ya kumi.

Nilianza na nilichokijua vizuri zaidi, yaani programu. Nikazima antivairasi. Nikabadilisha draiva ya kadi ya mtandao. Nikachokonoa mipangilio ya kushiriki mafaili hadi nikasahau ilikuwaje mwanzo. Saa moja ikapita, ya pili ikafuata. Namba ikabaki 11.

Mwishowe nikapima kwa iperf, programu inayorusha data kati ya kompyuta mbili bila kugusa diski. Ilisoma megabiti 94. Hapo nilipaswa kucheka. Kiungo cha megabiti 100, ukikipima hivyo, hukupa 94 au karibu yake. Diski haikuwa na kosa, wala programu. Mahali fulani kompyuta zangu za gigabiti zilikuwa zimekubaliana kuongea kwa lugha ya zamani, ya megabiti 100.

Darasani tunafundishwa kwamba mtandao una tabaka saba, na ukitafuta hitilafu anza la chini kabisa: waya. Nimewahi kuwafundisha hivyo wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa sauti ya kujiamini. Nyumbani kwetu nilianzia juu.

Nilivuta kabati la studio. Kebo ilitoka ukutani, na karibu na sakafu ganda lake lilikuwa limechanwa. Ndani ya kebo ya mtandao kuna waya nane, zimesokotwa jozi nne. Jozi ya chungwa na ya kijani ziliingia kwenye kichwa kimoja, kilichochomekwa kwenye kompyuta ya baba. Jozi ya bluu na ya kahawia ziliingia kwenye kichwa kingine, kikining'inia nyuma ya kabati kimejaa vumbi na utando wa buibui. Nikakimbilia chumbani. Kwenye swichi ziliingia ncha mbili, ambazo siku zote nilidhani ni kebo mbili.

Ilikuwa kazi ya kaka. Mwaka 2011, nikiwa na miaka 11, nilimshikia tochi akitambaa juu ya dari. Baba alikuwa amenunua kebo moja tu, na studio ilikuwa na kompyuta mbili: ya baba, na ya kaka ya kuhariri video. Mtandao wa megabiti 100 unatumia waya nne tu, na nne nyingine hukaa bure. Kaka aliigawa kebo. Nne za baba, nne zake. Kwa vifaa vya wakati ule haikupunguza chochote. Gigabiti ndiyo inayozitaka zote nane.

Kaka aliondoka na kompyuta yake kwenda Mwanza miaka mitatu iliyopita. Alitaka studio igeuzwe duka la simu, baba akakataa, na mimi kutoka Dar nikamwandikia ujumbe mrefu ambao sitaurudia hapa. Tangu hapo tulisalimiana Idi kwa Idi kwenye kundi la familia, kwa picha za mwezi na tende.

Ningeweza kuzikata bila kumwambia. Nilikuwa na kisu mkononi. Ilikuwa saa nne na nusu usiku nilipompigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Diski ya baba inagonga."

Kimya. Kisha: "Bado inazunguka?"

"Bado."

"Msiizime."

"Hatujaizima. Ila inanakili kwa 11."

Alicheka, cheko nililokuwa nimelisahau, la puani. "Ni zile waya zangu. Zirudishe." Akaniambia koleo la kubania na vichwa vipya vimo kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati hilohilo. Vilikuwepo. Nikaweka simu sakafuni, sauti juu, nikakata vichwa vya zamani na kunyoosha waya zote nane kwa vidole.

"Nyeupe ya chungwa," alisema. "Chungwa. Nyeupe ya kijani. Bluu. Nyeupe ya bluu. Kijani. Nyeupe ya kahawia. Kahawia."

Mpangilio huo naujua kwa moyo. Nimeuandika ubaoni mara nyingi. Nilimwacha ausome wote, na nilipohamia upande wa chumbani nikamwomba aurudie.

"Mdogo wangu, chuoni hawakufundishi?"

"Wanafundisha. Rudia tu."

Nilichomeka. iperf ikasoma 940. Video zikaanza kupita kwa megabaiti 90 na kitu, kasi yote ambayo diski ile nzee ingeweza kuitoa. Baba aliinama kwenye simu akasema, "Zinakwenda," na kaka akajibu, "Alhamdulillahi, baba." Wakaendelea kuongea, kwanza kuhusu diski, kisha kuhusu mambo mengine. Mimi nikatoka kwenda kuchemsha chai.

Ilimalizika saa tisa usiku. Baba aliizima kompyuta kwa mkono wake, na mpaka leo hatujajaribu kuiwasha.

Umeme haukukatika usiku ule, wala kesho yake. Tungeweza kungoja zile saa 30. Na asubuhi mama, akimenya mihogo, aliuliza swali ambalo halikunijia hata mara moja katika masomo yangu yote ya mitandao: "Kwani usingeibeba tu hiyo kompyuta yako ukaileta huku mbele?"

Ningeweza. Waya fupi ya mita moja nilikuwa nayo, na kazi ingekuwa ya dakika kumi. Sikuwa na jibu, nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Wiki iliyofuata kaka alipiga mwenyewe. Aliomba video moja ya 2011, harusi ya Pongwe ambayo yeye ndiye aliyembebea baba taa. Ni gigabaiti 4. Kutoka hapa kwenda Mwanza, kwa intaneti tuliyonayo, ilichukua mchana kutwa, na kila baada ya muda alipiga kuuliza imefika wapi.