Mtoto wa Ghadhabu Darasani

Sisi tunaofundisha madarasa ya chini kisiwani Mafia twamjua mtoto huyu: ncha ya penseli ikivunjika hupiga mayowe, hurusha daftari, kisha hununa hata kengele ya mwisho. Nyumbani husemwa ana pepo. Chumbani mwa walimu huitwa mtukutu. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliitambua hali hii kuwa maradhi: milipuko mitatu au zaidi kwa juma, mwaka mzima, na kati ya mlipuko na mlipuko uso haukunjuki. Wengi wao ukubwani huelemewa na sonona na wasiwasi.

Kiboko, ambacho kanuni za 2002 zamwachia mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, tena kisizidi mara nne, hakimtulizi mtoto huyo, chamzidishia moto. Mmoja wa darasa la pili tulimketisha karibu na mlango, tukamwarifu mapema kila somo lilipokaribia kubadilika, tukamruhusu kutoka mwembeni kabla hajalipuka. Mamaye, mvuvi wa pweza, alikubali kufanya vivyo hivyo nyumbani. Muhula wa pili milipuko ilibaki mmoja kwa juma. Kusoma angali asoma kwa shida.