Watoto wa Januari

Kwa mwalimu wa darasa la awali, mwaka mzima hauna wiki yenye kazi kama ile shule zinapofunguliwa Januari. Nilianza kufundisha Tarime, kwenye vilima vya upande wa Nyamwaga. Nilipoolewa nikavuka Mto Mara, nikahamia wilaya ya Serengeti, katika kijiji ambacho jioni ukitazama mashariki unaona mbuga. Mara nyingi nimeulizwa nitapanda lini kufundisha madarasa ya juu. Sijawahi kuomba. Mtoto wa miaka mitano anaingia darasani na akili iliyokwisha kufanya kazi nyingi nyumbani, na mtu wa kwanza wa shule kuiona akili hiyo ni mimi. Sijui cheo kinachozidi hicho.

Wiki ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Januari 2017, mwaka wa pili tangu serikali ianze elimu bila malipo. Wazazi waliitikia kweli. Walileta watoto wa umri unaotakiwa, na wengine wakaleta na wadogo zao. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache, kwa hiyo bibi mmoja akatumia kipimo cha zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili amekua. Mkono wa mjukuu haukufika. Yule kijana akafikiri kidogo, akainamisha kichwa mpaka kikalala begani, akajikunja kiuno, na vidole vikalipata sikio. "Ameshika!" bibi akapiga kelele, na foleni nzima ya wazazi ikapiga makofi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, huyu mrudishe mwakani." Bibi alikubali. Mjukuu hakukubali. Aliondoka kwa mguu mmoja mmoja, na kesho yake nilimkuta dirishani kwa nje, ameshika nondo, anaimba wimbo wetu wa kusalimiana kwa sauti kuliko walioandikishwa. Mwalimu mkuu alimsikiliza siku mbili, akasema aingie akae.

Wilaya ya Serengeti ina makabila mengi kuliko Tarime. Darasani nilikuwa na Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata, ambao lugha zao zinakaribiana, nami kwa Kikurya changu nawaelewa. Wengine walikwisha kuzoea Kiswahili kidogo. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyokuwa mkoani Mara miaka ile, iliwapa watoto wasiopata darasa la awali wiki kadhaa za hadithi na michezo pamoja na kijana wa kijiji chao aliyepewa mafunzo. Mtoto wa Kisukuma alikuwa mmoja tu, familia yake imehamia juzi, na Kisukuma mimi sikijui. Jumanne asubuhi akamnong'oneza jirani yake. Jirani akamweleza Mngoreme mmoja mfupi, mchangamfu. Mngoreme akasimama akaniambia kwa Kingoreme: "Mwalimu, anasema anataka kwenda." Nikauliza, kwenda wapi? Swali likarudi kwa njia ileile, likapita kwa wote wawili. Kabla jibu halijafika, sakafu ilikwisha kulowa.

Darasa likacheka, ndiyo. Lakini yule mkalimani wangu hakucheka. Alimshika mwenzake mkono akamtoa nje, akamwonyesha choo kilipo, akamngoja mlangoni. Kuanzia siku hiyo, kila kengele ya mapumziko ilipolia, alikuwa anamfuata na kumchukua kabla hajaulizwa. Hakuna aliyemtuma.

Jumatano tulikuwa na somo la vyakula. Nilichora mboga za majani ubaoni nikaomba kila mtoto ataje anayokula nyumbani. Mchicha, mgagani, majani ya kunde, mambo yakaenda vizuri, mpaka mtoto wa muuza nyama akasema, "Kichuri." Nikamwambia kichuri si mboga ya majani, kinatoka tumboni mwa ng'ombe, nacho tunachovyea nyama choma. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni wa mbali. "Mwalimu, tumboni ng'ombe ameweka nini?" Nikasema, majani. "Basi," akajibu, akakaa. Wenzake wote wakaunga mkono, na mimi niliyelelewa kwa kichuri nikaandika ubaoni jina hilo chini ya mchicha. Hoja yake ilikuwa kamili.

Alhamisi ndiyo iliyonipa kile ambacho nimewaambia walimu wachanga wengi tangu hapo. Tunafundishia kuhesabu kwa vizibo vya soda. Kulikuwa na mtoto mmoja anayechunga na kaka zake kila alasiri. Nilimpa vizibo ahesabu mpaka kumi, akavitazama tu. Moja, mbili, akanyamaza. Nikamuuliza kwa Kikurya jana jioni walirudi na ng'ombe gani. Uso ukafunguka. Akachukua kizibo: mwekundu. Kingine: mweusi mwenye baka. Asiye na pembe. Mama wa ndama. Ndama. Akavipanga mstari kama wanavyoingia zizini, yule mkali akiwa mbele, kila kizibo na ng'ombe wake, hakumsahau hata mmoja. Mkononi kikabaki kizibo kimoja. Akakizungusha, akakiangalia tena, kisha akanirudishia kwa mikono miwili: "Mwalimu, huyu si wetu. Ni wa jirani."

Katika wilaya hizi mbili, ambako wizi wa mifugo umewatoa watu roho na kuchoma nyumba, nilikipokea kile kizibo kwa heshima yote. Kisha tukahesabu pamoja ng'ombe wa kwao, mmoja mmoja, kwa Kiswahili, na kufikia Ijumaa namba zilikuwa zake.

Kulikuwa pia na msichana mdogo aliyekaa nyuma na kutandaza sweta kando yake kwenye mkeka. Mtu akitaka kukaa hapo anamsukuma. Uji ulipogawiwa aliacha nusu kikombe. Nilimwita pembeni nikauliza ni nafasi ya nani. Ya dada. Desemba iliyotangulia ilikuwa ya msimu wa ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini ngoma zilipita barabarani mchana kweupe, na dada yake alikimbia usiku mpaka Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014. Wasichana wengi wa Serengeti na Tarime walikuwa humo, kama walivyokuwa wengine katika kituo cha Masanga, upande wa Tarime. Mdogo mtu alijua jambo moja tu: dada yuko mahali wanaposoma. Kwake shule ni hii, na mkeka ni huu.

Sikumwambia akunje sweta. Nilimwomba tu anywe uji wake wote, dada akija atapikiwa mwingine. Akakubali.

Baba yao alikaa na watu wa ustawi wa jamii na polisi, akatia sahihi kwamba bintiye hataguswa, na mwishoni mwa mwezi binti akarudi. Alikuwa wa darasa la tano, mrefu kuliko mimi mabegani. Asubuhi hiyo mdogo wake alimvuta kwa mkono mpaka darasani kwangu, akamkalisha juu ya sweta, magoti yakamfika kidevuni. Akanigeukia: "Mwalimu, huyu ni mkubwa lakini wimbo wetu hajaujua. Tumfundishe." Tukamfundisha, beti zote, na ishara za mikono. Kipindi chake cha Hisabati kilikuwa kimekwisha kuanza tulipomaliza, nami nikampeleka mwenyewe kumwombea radhi kwa mwalimu wake.