Barua ya Mchungaji

Mchungaji aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nikuandikie nini?"

Nilikuwa nimekwenda ofisini kwake Jumanne jioni kuomba barua ya kuthibitisha tabia yangu. Nilishamaliza shahada ya sheria, lakini hapa kwetu Tanzania shahada peke yake haikufanyi wakili. Lazima upite kwanza shule ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ndipo umwombe Jaji Mkuu akuandikishe. Safari yote hiyo mwenendo wako unatazamwa pamoja na akili yako. Nilihitaji watu wawili wa kunisemea, na wa kwanza kumfikiria alikuwa Mchungaji, aliyenifundisha kipaimara na aliyenijua tangu nikiimba kwaya ya watoto.

Kwake lilikuwa swali la kawaida. Kalamu ilikuwa mkononi, anataka tu kujua aanze na kwaya au na shule ya Jumapili niliyofundisha. Mimi nikanyamaza.

Mwaka wa pili chuoni nilikamatwa na kikaratasi katika chumba cha mtihani. Somo lilikuwa Sheria ya Ushahidi. Wenzangu walilicheka jambo hilo muda mrefu, na siwalaumu. Nilikuwa nimesoma, ila nilikuwa na hofu, na kikaratasi kile kwenye soksi kiliniwezesha kulala usiku wa kuamkia mtihani. Msimamizi aliuona mkono wangu ukishuka mara mbili. Mbele ya kamati ya nidhamu nilikiri, matokeo yakafutwa, nikasimamishwa masomo mwaka mmoja. Hakuna aliyenionea.

Ningeishia hapo, ingekuwa habari ndogo. Lakini nilirudi nyumbani Marangu nikamwambia mama kwamba mkopo wa masomo haukutoka. Mama akaamini, akawaeleza akina mama wenzake wa usharika. Wakachanga. Wapo waliouza ndizi zao kabla hazijakomaa vizuri. Jumapili moja walinisimamisha mbele ya madhabahu wakanikabidhi bahasha yenye shilingi 380,000, na Mchungaji huyu huyu akaniwekea mikono kichwani akaniombea. Nikasema, "Asanteni sana, Mungu awabariki," wala sauti yangu haikutetemeka. Sehemu ya fedha ile nililipia chumba mjini. Nyingine hata sikumbuki ilikwenda wapi.

Wapendwa, sitaki mtu adhani sikutubu. Nilitubu. Mwaka ule nililia usiku mwingi, hata asubuhi moja nikaamka na amani ambayo sikuwa nimeitafuta, na mpaka leo naamini ilitoka kwa Mungu. Kosa langu lilifuata baada ya hapo. Kila jambo lile liliponijia kichwani nililifukuza kwa neno moja: nimesamehewa. Nililifanya neno hilo kuwa kifuniko cha sufuria. Hata nilipotayarisha maombi ya shule, kuhusu ule mwaka uliokosekana niliandika maneno matatu, "matatizo ya ada," na dhamiri haikunisumbua hata kidogo.

Ilinisumbua mbele ya kalamu ya Mchungaji. Nikaona kwamba atakachoandika kitakuwa uongo wenye sahihi yake na muhuri wa usharika. Nikamweleza yote, mpaka bahasha.

Aliiweka kalamu mezani. Baada ya kitambo akanipa Biblia akaniambia nisome ule ukoo ulio mwanzo wa Mathayo. Nilidhani ameamua kuniadhibu kwa majina magumu. Nilipofika kwa Sulemani akanisimamisha. Mama yake Sulemani hakutajwa kwa jina pale. Ametajwa kama mwanamke aliyekuwa mke wa Uria.

"Daudi alisamehewa, hakusamehewa?"

"Alisamehewa, Baba Mchungaji."

"Mbona Uria bado yumo humu?"

Sikuwa na jibu, wala sina hakika kama ninalo kamili leo. Akasema barua ataandika, ila hataandika nusu yangu. Aseme aliyonijua, na hilo nalo liwemo, na maombi yangu yaseme vivyo hivyo. Nikikataa, nitafute mtu mwingine.

Nitasema kweli, niliondoka na hasira. Mtu mwingine alikuwepo: mzee mmoja anayefahamiana na baba, ambaye angetia sahihi bila hata kusoma. Kwa siku mbili nilizunguka na namba yake ya simu. Sikuogopa shule kunikataa kama nilivyoogopa mama kusikia.

Siku ya tatu nikamwambia. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuacha kumenya. Akasema, "Kwa hiyo niliwadanganya wenzangu." Hakusema mimi niliwadanganya. Nilimwomba msamaha, akaitikia kwa kichwa, tukala chakula kimya. Kamati ya nidhamu haikuniumiza hivyo.

Niliandika maombi upya. Mchungaji akaandika ukurasa mzima, na mistari minne katikati ilihusu mtihani na uongo wa ada. Hakuipamba wala kuirefusha. Chini yake alieleza kwamba nilikwenda kumwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Kusubiri majibu kulinikondesha. Ningekataliwa, nisingekuwa na la kulalamika. Nilipokelewa. Mbele yapo maombi ya kuandikishwa uwakili, na najua nitayaandika mambo haya tena, kwa watu wengine wasionijua.

Ya bahasha yalichukua muda zaidi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa tajiri. Mimi nilianza na shilingi 20,000, nikampelekea mhazini wa akina mama siku ya kikao chao, nikasimama nikawaambia sababu. Mmoja alitoka nje, na hakurudi mpaka kikao kilipokwisha. Mwingine, bibi aliyeuza mkungu wake wa ndizi kwa ajili yangu, aliniuliza kama mtihani ule nilikuja kuufaulu. Nikamwambia niliurudia, nikafaulu.

"Bila karatasi?"

"Bila karatasi, bibi."

Mhazini akafungua daftari, akaandika tarehe na kiasi, akanikatia risiti. Kisha akaniuliza kama nimekula.