Neno na Mahali Pake

Mwezi huu yatupasa kusema kidogo juu ya Kiingereza wanachojifunza watoto wetu, kwa maana wazee wengi huwategemea hao kuwaandikia barua.

Katika Kiswahili neno moja hubeba mengi. Tusemapo "nitamwona", yumo mtendaji, umo wakati, yumo mtendewa, na kitendo chenyewe. Mwingereza huyatenga hayo, kisha huyapanga kama watu waendao katika njia nyembamba. Maneno kama "can", "may" na "must", yaonyeshayo uwezo, ruhusa na lazima, hutangulia kitendo. Nacho hufuata kitupu, bila "to". Neno kama "always" huingia katikati yao: "You must always write." Lakini neno la namna hii lisitenge kitendo na kitu chake. Hatusemi "I can speak well English", bali "I can speak English well."

Je, hayo ni madogo? Twamjua mjane mmoja aliyemwuzia mahindi mfanyabiashara wa mjini. Akamwagiza kijana amwandikie barua kwa Kiingereza, kusudi fedha apewe mwanawe tu, asipewe mwingine. Kijana akaandika: "My son can only receive the money." Maana yake, mwana aweza kupokea fedha tu, si unga wala nguo. Mtu mwingine hakukatazwa. Basi shemeji wa mjane akatangulia, akapewa fedha, akazila. Ingalitosha kuandika: "Only my son can receive the money." Maneno ni yale yale, moja tu lilihama, na nyumba ikalala na njaa.

Asili ya kosa ni hii: kwetu "tu" hufuata neno liwekewalo mpaka, "mwanangu tu", "fedha tu", lakini "only" hupenda kutangulia. Kijana aliyajua maneno yote, asijue mahali pake.

Basi, wazazi, barua isifungwe kabla mtoto hajaisoma tena na kuieleza kwa Kiswahili, mwenye barua akisikia. Nanyi vijana, kila mwandikapo "only", jiulizeni ni mtu gani au kitu gani kinachowekewa mpaka, mkalitie neno hilo mbele yake. Mzee awapaye maneno yake amewapa na mali yake.