Nukta, Mkato na Ubeti Uliokataliwa

Sisi tuliozoea kuhesabu mizani twajua kwamba silabi moja ikipungua, mghani hujikwaa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nyumbani Vuga, nilijifunza kwamba hata mkato mmoja waweza kumnyamazisha mshairi.

Mpwa wangu alinitengenezea tovuti ndogo ya kupokea tungo za wanafunzi wangu wa zamani. Seva ilikuwa moja, ya Apache, na ndani yake mlikuwa na moduli mbili. Ya PHP ilipokea tungo na kukokotoa wastani wa mizani kwa kila mstari. Ya Perl iliandika tarehe kwa Kifaransa kwa ajili ya wenzetu wa Kongo.

Siku moja mwanafunzi mmoja alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Nimetuma ubeti mara tatu, haupokelewi." Nikatuma ubeti wangu kujaribu, ukapita. Basi nikamwambia, kwa sauti ile ya darasani ambayo sijaiacha, asome maelekezo vizuri. Hakupiga tena.

Baada ya wiki mbili malalamiko kama yale yalikuwa matatu. Seva ikizimwa na kuwashwa, mambo yalikwenda sawa kwa saa kadhaa. Kisha tungo nyingine zilikataliwa na nyingine zikapita. Mpwa wangu akazisoma kumbukumbu za makosa: hifadhidata ilinung'unika kwamba imepewa thamani nyingi kuliko safuwima zake. "Mjomba, hebu tazama," akasema. "Hapa pameandikwa 15,75 badala ya 15.75."

Hapo fumbo likafumbuka. Kwetu Tanzania desimali hutengwa kwa nukta. Kongo, kwa kufuata Kifaransa, hutengwa kwa mkato. Mafundi huziita desturi hizi za mahali lokali, na lokali ni mali ya mchakato mzima wa seva, si ya moduli moja. Ni kama pishi moja ndani ya nyumba yenye majiko mawili: mmoja akiibadili bila kusema, mwenzake hupima vibaya bila kujua. Perl ilibadili lokali na haikuirudisha. Ombi lililofuata katika mchakato uleule lilipofika kwa PHP, namba ikaandikwa kwa mkato. Na hifadhidata, ambayo hutenganisha thamani kwa mkato, ikaona namba mbili. Michakato ambayo haikupitiwa na ukurasa wa Kifaransa ilibaki salama, ndiyo maana kosa lilikuja na kuondoka.

Na kwa nini ubeti wangu ulipita? Tarbia yangu ilikuwa na mizani 64. Ukigawa kwa mistari 4 wapata 16 kamili, namba isiyo na desimali. Wake ulikuwa na mizani 63. Mlango wetu, basi, uliwafungia wale tu ambao mstari wao ulichechemea, yaani wale hasa waliomhitaji mwalimu.

Dawa ilikuwa fupi. Perl iliamriwa kuikumbuka lokali ya awali na kuirudisha kila imalizapo kazi; PHP ikaamriwa kuweka kipengele cha LC_NUMERIC kuwa "C" kabla ya kukokotoa. Baadaye tukahamia PHP 8.0, iliyotolewa Novemba 2020, ambayo haifuati tena lokali inapogeuza desimali kuwa maandishi.

Dawa ya pili ilinihusu mimi. Nilikuwa nimemshuku mtu mkweli, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nikampigia simu. "Mwanangu, ulisema kweli. Kosa lilikuwa kwetu, nisamehe."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, ule ubeti wangu unapungukiwa wapi?"

Tukahesabu pamoja, polepole, silabi kwa silabi. Ulikuwa utao wa mstari wa tatu: mizani 7. Akaurekebisha palepale, akautuma. Ukapokelewa.